Aktini na Vifungo Vyake

Mkono unaponyanyuka kupeleka tonge kinywani, kazi itendekayo ndani ya msuli ni kazi ya vitu vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho wala kwa hadubini ya kawaida. Vitu hivyo ni nyuzi za protini za namna mbili zinazopishana. Moja huitwa miosini, ya pili huitwa aktini. Miosini ilipata jina lake mwaka 1864 kwa kalamu ya Mjerumani Wilhelm Kühne, na kwa karibu miaka 80 wataalamu waliidhani kuwa ndiyo msuli wote. Aktini ilikaa kivulini mwa mwenziwe. Ilipotambuliwa, ilitambuliwa katika mji mmoja wa Hungaria wakati wa vita, na kwa miaka mingine 80 iliwapa watu fumbo ambalo, mwishowe, halikuwa la nguvu za msuli hata kidogo. Fumbo lenyewe ni hili: kila molekuli ya aktini hubeba ndani ya ufa wake kitu kimoja kidogo chenye nguvu, na kitu hicho huvunjwa wakati ambapo, kwa hesabu ya dhahiri, hakuna haja ya kukivunja.

Kitu hicho ni adenosini trifosfeti, iandikwayo kwa ufupi ATP, nayo ni ya jamii ya kemikali ziitwazo nukleotidi. Karl Lohmann aliigundua katika msuli mwaka 1929. Umbo lake lina mkia wa mafungu matatu ya fosfeti. Fungu la mwisho likikatwa hutoka nguvu, na kinachobaki huitwa ADP, yenye mafungu mawili tu. Seli za viumbe vyote hutumia ATP kama jiko litumiavyo kuni. Kwa hiyo mtaalamu akikuta ATP imevunjwa mahali, desturi yake ni kuuliza ni chakula gani kilichopikwa kwa kuni hizo. Swali hilo la busara ndilo lililowapoteza wengi katika habari za aktini.

Mwaka 1939 Vladimir Engelhardt na mkewe, Militsa Lyubimova, walionyesha mjini Moscow kuwa miosini yenyewe ndiyo ivunjayo ATP. Habari hizo zilifika Szeged, kusini mwa Hungaria, zikamkuta Albert Szent-Györgyi, ambaye alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, na ambaye watu walimjua zaidi kwa vitamini C aliyoipata kwa wingi katika pilipili za mji huo. Yeye na msaidizi wake Ilona Banga waliianza kazi ya miosini upya. Nyama ya sungura ilisagwa, ikachanganywa na maji ya chumvi ya potasi, kisha ikachujwa. Maji yaliyochujwa baada ya dakika 20 yalikuwa mepesi. Lakini mchanganyiko ulipoachwa ulale mpaka kesho yake, ulikutwa mzito wa kuvutika kama ute. Na ute huo ukitiwa ATP kidogo ulilegea mara moja ukawa mwepesi tena. Waliutengeneza ute huo vijiuzi, na vijiuzi hivyo vilipotiwa ATP vilijikunja na kufupika mbele ya macho yao. Mwendo, ambao tangu zamani umehesabiwa kuwa alama ya uhai, ulikuwa umeonekana ndani ya chombo cha kioo pasipo mnyama.

Ilikuwa dhahiri kuwa katika ule usiku mmoja kitu kingine kilitoka katika nyama kikachanganyika na miosini. Kazi ya kukitafuta alipewa Brunó Straub, kijana wa miaka 28. Straub aliyachukua makapi ya nyama ambayo miosini yake imekwisha kutolewa, akayaosha kwa asetoni, akayakausha yakawa unga, kisha akaulowesha unga huo katika maji safi. Kilichotoka majini kilikuwa protini ambayo, ikikutanishwa na miosini, hutoa ute ule ule na kuiamsha miosini kazini. Kwa sababu ya kuamsha huko aliiita aktini. Njia yake haina fahari, na hufanana na kazi za jikoni kuliko za maabara; hata hivyo unga wa asetoni hutengenezwa katika maabara za dunia mpaka leo, kwa marekebisho yaliyotolewa mwaka 1971 na James Spudich na Susan Watt.

Kazi hizi zilichapwa kwa Kiingereza katika vijitabu vya chuo chenyewe kati ya 1941 na 1943, wakati ambapo vitabu vya Hungaria havikuweza kuwafikia wasomaji wa Uingereza na Marekani. Szent-Györgyi mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine za hatari. Mwaka 1943 alikwenda Istanbul kwa kisingizio cha kutoa mhadhara, na kumbe alikuwa na ujumbe wa siri kwa mataifa yaliyopigana na Ujerumani. Siri ilipovuja ilimbidi kujificha. Muhtasari wa kazi ya msuli ulipata kuchapwa Stockholm mwaka 1945, na hapo ndipo ulimwengu uliposoma habari za aktini. Mwaka 1947 Szent-Györgyi alihamia Marekani. Straub alibaki kwao, akaendelea na elimu yake, na uzeeni, tangu 1988 hadi 1989, akawa mwenyekiti wa Baraza la Urais la Hungaria, cheo ambacho si kawaida kupewa mtu aliyeanza umaarufu wake kwa makapi ya nyama ya sungura.

Kabla vita havijaisha Straub alikuwa amekwisha ona tabia kuu ya aktini. Katika maji yasiyo na chumvi molekuli zake hukaa mbali mbali, kila moja peke yake kama punje. Chumvi ikitiwa, punje hushikana zikawa uzi mrefu, na maji huwa mazito. Chumvi ikiondolewa, uzi hufumuka na punje hurudi upweke wake. Mwaka 1950 yeye na Feuer walitoa habari ya pili iliyo nzito kuliko hiyo: kila punje ya aktini ina ATP ndani yake, nayo isipokuwamo punje huharibika upesi, na punje zinaposhikana kuwa uzi, ATP hiyo hugeuka ADP, na fungu moja la fosfeti hutoka.

Ni rahisi kufahamu jinsi habari hiyo ilivyopokewa. Hapa palikuwa na protini ya msuli, na hapa palikuwa na ATP iliyovunjwa wakati protini hiyo ikibadili umbo. Wengi walidhani wameona siri ya kukunjamana kwa msuli: kwamba aktini huungana na kufumuka kila msuli unapofanya kazi, na ATP yake ndiyo inayolipia kazi hiyo. Dhana hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikudumu. Mwaka 1954 Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mmoja, na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande wa pili, walionyesha kuwa nyuzi za msuli hazifupiki. Huteleza zikapishana, na kila uzi hubaki na urefu wake. Mwaka 1960 Martonosi, Gouvea na Gergely walichunguza nukleotidi ya aktini ndani ya msuli wa mnyama aliye hai, wakaona kuwa msuli hukaza na kulegea bila nukleotidi hiyo kubadilishwa. Kuni za msuli zilikuwa zikichomwa na miosini. Kuni za aktini zilikuwa zimechomwa zamani, siku uzi ulipoundwa, na hakuna aliyejua kwa ajili gani.

Jibu lilianza kusogea kutoka mahali ambapo watu wa msuli hawakupatazamia. Huko Nagoya, Japani, Fumio Oosawa hakuwa mwanafunzi wa nyama bali wa fizikia. Mwaka 1959 yeye na wenziwe walilinganisha kuungana kwa aktini na mvuke unaogeuka maji. Mvuke ukiwa mchache hewani hakuna umande; ukizidi kiasi fulani, ziada yote huwa matone. Vivyo hivyo punje za aktini: chini ya kiasi fulani hazifanyi uzi, na zikipita kiasi hicho kila punje ya ziada huingia katika nyuzi. Katika hesabu hii hapana mahali panapohitaji kuvunjwa kwa ATP, kwani umande nao hauhitaji moto. Na mwaka 1965 Kasai, Nakano na Oosawa walifika mwisho wa njia hiyo: waliitoa nukleotidi yote, wakailinda aktini kwa sukari nyingi isiharibike, nayo ikafanya nyuzi vile vile. Basi ATP si gundi ya uzi. Aktini yenye ADP hufanya uzi. Isiyo na kitu hufanya uzi. Yapo majaribio machache katika elimu hii yaliyo bora kuliko hilo kwa usafi wake, na ni ajabu kuwa leo hutajwa mara chache.

Katika miaka hiyo hiyo umbo la uzi lilianza kuonekana. Mwaka 1963 Hanson na Jack Lowy waliuona kwa hadubini ya elektroni: safu mbili za punje zilizosokotwa pamoja, kama mtu anavyoweza kusokota tunda mbili za shanga. Mwaka huo huo Hugh Huxley aliupaka uzi wa aktini vipande vya miosini, akaona vipande vyote vinainama upande mmoja, mfano wa vigumba vya mishale vilivyopangwa mstari. Uzi, basi, una mbele na nyuma. Ncha moja iliitwa ya miiba, nyingine iliitwa ncha kali, na majina hayo yaliyotokana na picha ya mishale yamebaki hata kwa watu wasioijua asili yake.

Kisha aktini ikatoka nje ya msuli. Mwaka 1966 Sadashi Hatano na Oosawa waliitoa katika Physarum, kiumbe cha manjano kama ute kitambaacho juu ya magogo yanayooza, kisichokuwa na msuli wowote. Mwaka 1969 Ishikawa, Bischoff na Holtzer walitumia ile alama ya mishale ya Huxley, wakaziona nyuzi za aktini ndani ya seli za namna nyingi. Imekuja kujulikana kuwa hamira inayo, mimea inayo, chembe nyeupe za damu zinazowafuata wadudu wa maradhi zinayo. Na vimelea vya malaria navyo, vikisha kutoka katika mate ya mbu, hujisukuma katika ngozi ya mtu kwa aktini na miosini zao. Jambo hili liligeuza swali zima. Katika msuli uzi wa aktini ni kama boriti ya nyumba, ukishawekwa hukaa. Katika seli itambaayo uzi ni kama dungu la mlinzi wa shamba: hujengwa pale unapohitajika, hubomolewa baada ya dakika chache, na miti yake hujengea dungu jingine mbele. Mjenzi wa namna hiyo ana shida moja kubwa. Ni lazima ajue lipi ni dungu jipya la kuachwa na lipi ni kuukuu la kubomolewa.

Mwaka 1976 Albrecht Wegner alionyesha kwa hesabu na majaribio kuwa kuvunjwa kwa ATP hutenganisha tabia za ncha mbili za uzi. Bila kuvunja, ncha zote mbili zingekuwa katika mizani ile ile: kiasi cha punje kinachotosha kukuza moja kingetosha kukuza ya pili. ATP ikivunjwa, ncha ya miiba huweza kuendelea kukua mahali ambapo ncha kali inapoteza. Na kwa vipimo vya baadaye ncha ya miiba hutosheka na punje huru chache mara tano hivi kuliko mwenziwe. Punje huingia mbele, husafiri katika uzi usiobadili urefu, na hutoka nyuma. Miaka ya 1980 Marie-France Carlier na Dominique Pantaloni waliongeza jambo la kufaa zaidi. Kuvunjwa kwa ATP hakutokei punje inapoingia. Hufuata nyuma yake. Na fungu la fosfeti likisha kukatwa halitoki papo hapo, bali hubaki limekaa ndani ya punje pamoja na ADP. Hivyo aktini ndani ya uzi hupita hali tatu: kwanza ina ATP nzima, kisha ina ADP na fosfeti iliyokatwa lakini haijatoka, mwisho ina ADP peke yake.

Mwendo wa mageuzi hayo umepimwa. Punje ikiwa huru karibu haivunji ATP yake kabisa. Ikiingia katika uzi huivunja kwa kasi ya mara 40,000 hivi zaidi, na nusu ya punje mpya huwa zimekwisha kuvunja katika muda wa sekunde 2. Fosfeti haina haraka hiyo. Nusu yake hutoka baada ya dakika 6 hivi. Msomaji azitazame namba hizo mbili pamoja, kwani ndani yake limo jibu la fumbo. Uzi una saa ndani yake. Kila punje inachukua alama ya wakati ilipoingia, na seli huweza kuisoma. Ipo protini iitwayo kofilini ambayo huushika uzi wenye ADP na kuukata, na huuacha uzi ambao fosfeti yake haijatoka. Mwaka 1999 Loisel, Boujemaa, Pantaloni na Carlier waliziweka katika chombo aktini, kofilini na protini nyingine chache zilizosafishwa, wakaona bakteria zikisukumwa mbele na mkia wa nyuzi za aktini zilizojengwa na kubomolewa kama katika seli hai. Kuni za aktini, kumbe, hazikuwa za kupikia. Zilikuwa za kuhesabia wakati, kama mshumaa uliotiwa alama.

Lakini saa ambayo haina mshale haiwezi kusomwa. Ikiwa kofilini hutofautisha uzi kijana na uzi mzee, lazima kuwe na kitu katika umbo la aktini kinachobadilika fosfeti inapotoka. Kukitafuta kitu hicho kulichukua zaidi ya miaka 30, na historia yake ina kejeli ambayo walioiandika katika majarida ya sayansi hawakuitilia mkazo wa kutosha: kila mara aktini ilipotazamwa, ilitazamwa ikiwa imefungwa, na mara kwa mara alama ya kamba ilidhaniwa kuwa ni alama ya ngozi.

Sababu yake ni hii. Ili umbo la protini lionekane kwa miale ya eksirei ni lazima molekuli zake zipangike kuwa fuwele, zote zikiwa na umbo moja na zimetulia. Aktini ikikusanywa kwa wingi hautokei mpangilio huo. Yenyewe hukimbilia kuwa nyuzi, na nyuzi zina urefu mbalimbali. Wokovu ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1974 Elias Lazarides na Uno Lindberg waligundua kuwa kitu kilichojulikana zamani kuwa kinazuia kimeng'enya cha kongosho kikatacho DNA hakikuwa kingine ila aktini. Viwili hivyo hushikana kwa nguvu, na aktini iliyoshikwa hivyo haiwezi kuungana na wenzake. Huko Heidelberg, Hans Georg Mannherz, Wolfgang Kabsch na Reuben Leberman walieleza fuwele za jozi hiyo mwaka 1977. Picha kamili ya atomi ilitoka mwaka 1990, baada ya miaka 13, katika ripoti ya Kabsch, Mannherz, Suck, Pai na Holmes.

Walichokiona ni molekuli bapa, yenye asidi amino 375 katika mnyororo mmoja ambao mpangilio wake Marshall Elzinga na wenziwe walikuwa wameusoma mwaka 1973. Mnyororo huo umejikunja kuwa pande mbili, na kila upande una vijisehemu viwili. Kati ya pande hizo mna ufa mrefu, na katika kina cha ufa hukaa nukleotidi pamoja na chembe moja ya kalsi, ambayo katika seli hai aghalabu ni magnesi. Nukleotidi imezishika pande mbili kama pini ishikavyo bawaba, na hapo ikafahamika kwa nini aktini isiyo nayo huharibika upesi. Walitazama aktini yenye ATP, wakatazama na yenye ADP. Zilikuwa karibu sawa. Kitanzi kimoja kilichochomoza juu ya molekuli, kilichopewa jina la kitanzi cha D, kilikuwa kimelala kikajiunga na kimeng'enya cha kongosho. Na kwa kuwa kilikuwa mikononi mwa mgeni, hakuna aliyeweza kusema kingefanya nini kikiwa huru.

Faida moja isiyotazamiwa ilitoka katika picha ile. Mwaka huo huo wa 1990 lilichapwa umbo la sehemu ivunjayo ATP ya protini Hsc70, ambayo kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine kujikunja. Mpangilio wa asidi amino zake haufanani na wa aktini, lakini maumbo yalipowekwa pamoja mwaka 1991 yalifanana kama ndugu wa tumbo moja. Baadaye ndugu wengine walipatikana hata katika bakteria: mwaka 2001 Fusinita van den Ent, Linda Amos na Jan Löwe walionyesha kuwa protini MreB, inayoyapa bakteria mengi umbo lake, ina umbo la aktini na hufanya nyuzi. Ufa ule na nukleotidi yake ni vya kale kuliko msuli, na kale kuliko mnyama yeyote.

Mwaka 2001 pia ndipo ulipoanza ugomvi wa kitanzi. Ludovic Otterbein, Philip Graceffa na Roberto Dominguez walipata fuwele za aktini yenye ADP pasipo protini ya kigeni. Waliizuia isifanye nyuzi kwa kuibandika rangi, rodamini, karibu na mwisho wa mnyororo wake. Picha ilikuwa safi ajabu, ya angstromu 1.54, na angstromu moja ni sehemu moja katika milioni 10 ya milimita. Ndani yake kitanzi cha D kilikuwa kimejisokota kuwa mzongo. Mwaka 2003 Graceffa na Dominguez waliweka mahali pa ADP kemikali inayofanana na ATP isiyovunjika, na mzongo haukuonekana. Hoja ilionekana imekamilika: fosfeti ikitoka, ufa huhisi, habari hupita katika molekuli, na kitanzi hujisokota. Mshale wa saa ulikuwa umepatikana.

Walakini wako waliotilia shaka. Mwaka 2006 Mark Rould, Kathleen Trybus na wenzao, huko Vermont, waliifunga aktini kwa njia nyingine tena: hawakubandika kitu, bali walibadili asidi amino mbili ili punje zisiweze kushikana. Walitazama hali ya ATP na hali ya ADP. Kitanzi hakikuwa na mzongo katika hali yoyote. Kilikuwa kinachezacheza bila umbo maalumu. Yamkini mzongo wa 2001 ulitokana na jinsi molekuli zilivyobanana katika fuwele. Si haki kuwalaumu wale wa kwanza. Waliona walichokiona, na picha yao haikuwa na kosa. Kilichopungua ni kuwa haikuwa picha ya aktini peke yake, bali ya aktini ndani ya gereza fulani. Hata hivyo ni dhahiri kuwa kwa miaka kadhaa jambo hilo lilifundishwa kwa uhakika uliozidi ushahidi wake.

Ilibaki kuutazama uzi wenyewe, ambao ndiyo makazi ya aktini. Toshiro Oda, Yuichiro Maéda na wenzao walizilaza nyuzi katika sumaku yenye nguvu nyingi mpaka zikaelekea upande mmoja, wakazipiga miale ya eksirei. Mwaka 2009 walitoa jibu: punje ikiingia katika uzi, pande zake mbili hupinduka kwa nyuzi 20 za pembe, na molekuli iliyokuwa imepindika huwa bapa. Kisha ikaja hadubini ya elektroni ya baridi kali, ambayo hugandisha nyuzi ghafla katika barafu nyembamba, bila rangi, bila fuwele, bila protini ya kigeni. Mwaka 2018 Felipe Merino, Stefan Raunser na wenzao walisema kuwa kitanzi cha D huwa na hali mbili katika uzi, ya kufunguka na ya kufumba, na nukleotidi huamua ipi itawale. Mwaka 2019 Steven Chou na Thomas Pollard walizilinganisha hali tatu, wakajibu kuwa nyuzi zote tatu ni karibu sawa, kitanzi na vyote.

Mwaka 2022 maabara ya Raunser, kwa kazi ya Wout Oosterheert na wenziwe, ilifika kwenye angstromu 2.2 hivi, na katika ubora huo hata molekuli za maji zilizomo ndani ya ufa zilionekana moja moja. Hapo ikajulikana kwa nini punje huru haivunji ATP: maji yanayohitajiwa kuikata hayako mahali pake. Punje ikiwa bapa ndani ya uzi, ufa hubadilika kidogo, na molekuli moja ya maji huletwa mbele ya fungu la mwisho la fosfeti, tayari kulikata. Mwaka 2023 walieleza mlango wa nyuma ambamo fosfeti hutokea. Katikati ya uzi mlango huo umefungwa karibu wakati wote, na ndiyo sababu ya zile dakika 6; kwenye punje ya mwisho wa ncha ya miiba uko wazi. Kuhusu umbo la uzi kwa jumla, hata hivyo, picha za 2.2 zilikubaliana na Chou na Pollard zaidi kuliko na zile za 2018 za maabara hiyo hiyo. Uzi kijana na uzi mzee ni karibu sawa.

Kama ni sawa, kofilini husoma nini? Mwaka huo huo wa 2022 Matthew Reynolds, Gregory Alushin na wenzao, mjini New York, walitambua kuwa kifungo kimoja kilikuwa kimebaki bila kutazamwa. Ili kupata picha bora, watu wote walikuwa wamechagua nyuzi zilizonyooka na kuzitupa zilizopindika. Katika seli nyuzi husukumwa, huvutwa na kupindwa kila dakika. Basi wao walizikusanya zile zilizopindika. Uzi wenye ADP na uzi wenye ADP pamoja na fosfeti, ambao ukinyooka hautofautiani, ulipopindwa ulionyesha tofauti: punje za uzi mzee hugeuka kwa namna yake, na za uzi ambao bado una fosfeti hugeuka kwa namna nyingine. Vibanda vile vilivyotupwa kapuni kwa sababu ya kupinda, katika maabara nyingi na kwa miaka mingi, ndivyo vilivyokuwa na habari iliyotafutwa.